Mzee hana kisukari, mbona wamemuwekea dripu ya insulini baada ya upasuaji wa moyo?

Wiki hii nimechagua maswali manne tu, yote yanahusu sukari na kidonda baada ya upasuaji wa moyo. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu walioniuliza kitu hichohicho ni wengi kuliko nilivyotegemea, na wengine wameniandikia wakiwa mlangoni pa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) kabisa wanataka kukataa tiba, na hilo kwakweli linaniumiza.

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, wamemfanyia upasuaji wa moyo ule wa kupandikiza mishipa, leo siku ya pili yuko ICU. Dokta baba hajawahi kuwa na kisukari hata siku moja, kabla ya upasuaji walimpima wakasema sukari iko vizuri. Sasa jana naingia kumuona nakuta kuna bomba la sindano limefungwa kwenye kimashine linasukuma dawa taratibu, namuuliza nesi hii nini ananiambia insulini, alafu kila saa wanampima. Nikauliza sukari ngapi akasema ilifika 13. Nimechanganyikiwa. Ina maana wamempa kisukari huko ndani? Na nasikia mtu akishaanza insulini ndo basi tena haachi, baba mdogo anasema tukatae, wamtolee hiyo kitu wampe vidonge. Nisaidie dokta, silali. (Binti wa mgonjwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na kuuguza. Nianze na lile la haraka, msikatae. Mwambie baba mdogo kwa heshima zote kwamba hicho kimashine anachotaka kitolewe ni kati ya vitu vinavyolinda kifua cha kaka yake saa hii, na vidonge haviwezi kufanya kazi hiyo, nitaeleza kwanini.

Baba kifua chake kimefunguliwa kwa msumeno, mfupa wa katikati ya kifua, kuanzia chini ya koo mpaka karibu na chembe ya moyo, alafu ukafungwa kwa nyaya za chuma. Damu yake kwa masaa kadhaa huenda ilikuwa inapitishwa kwenye mashine nje ya mwili. Mwili haujui kwamba aliyeshika kisu ni daktari, unachojua ni kwamba umejeruhiwa vibaya sana, kwaiyo unamwaga homoni zote za dharura, adrenalini, kotisoli, glukagoni, na hizo zinaliamrisha ini litoe sukari liliyoiweka akiba, wakati huohuo misuli inagoma kuitikia insulini. Juu ya hapo kuna dawa za dripu za kusaidia presha ambazo nyingine ni adrenalini yenyewe, wengine wanapewa na steroidi. Vikijumlishwa vyote hivyo mtu asiye na kisukari kabisa anafika 11, 13, hata 15 (hizi ni milimoli kwa lita), na ni kawaida sana siku ya kwanza na ya pili.

Kwaiyo hakuna aliyempa kisukari. Na insulini haina uteja mwanangu, hii imani imeumiza watu wengi mno. Insulini ya kwenye mshipa inakaa kwenye damu dakika chache tu, ndo maana inasukumwa taratibu bila kukatika, na mwili ukishatulia wanapunguza, wanapunguza, mpaka inafika sifuri na mgonjwa anaenda zake wodini bila insulini. Anayebaki nayo ni yule ambaye kongosho lake lilikuwa na shida tangu zamani.

Sasa kwanini wahangaike hivyo na sukari ya mtu ambaye si mgonjwa wa sukari? Hapa ndo nataka unielewe vizuri. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa kifua, sukari ni sehemu ya kidonda. Unaweza kuwa na mshono mzuri, bandeji safi, antibayotiki sahihi, lakini damu inayokilisha hicho kidonda ikiwa imejaa sukari, umeacha mlango wazi.

Kuna seli nyeupe zinaitwa nyutrofili, ndo askari wa kwanza kufika kwenye jeraha. Kazi yao ni kutoka kwenye mshipa, kumfuata bakteria alipo, kumkamata, kummeza, na kumuua kwa kemikali wanazozitengeneza ndani yao. Sukari ikipanda sana kila hatua hapo inalegea. Wanatembea polepole, wanakamata vibaya, na hata wakimmeza bakteria wanashindwa kummaliza. Na bakteria hatoki mbali, mara nyingi ni stafilokoka ambaye mgonjwa mwenyewe anaishi naye kwenye ngozi na puani bila shida yoyote, sasa leo ngozi imefunguliwa na yeye amepata njia. Hizo siku mbili tatu za kwanza ndo askari wanatakiwa wawe imara, na ndo haohao sukari inawadhoofisha. Alafu kuna jambo watu hawaambiwi, mshipa mzuri kuliko yote wa kupandikiza kwenye moyo unachukuliwa nyuma ya huohuo mfupa wa kifua, kwaiyo upande ule wa mfupa unabaki na damu pungufu kuliko zamani wakati ndo unatakiwa uunge.

Maambukizi yakibaki kwenye ngozi ya juu yanatibika bila mambo mengi. Yakizama chini ya mfupa hadithi inabadilika kabisa, kifua kinafunguliwa tena, kinasafishwa, mgonjwa anakaa hospitali wiki nyingi, na wengine tunawapoteza. Kuna mgonjwa mmoja simsahau, moyo wake ulikuwa umepona vizuri, anatembea koridoni anatusalimia wote. Siku ya 12 alikuja na fulana nyeupe, katikati ya kifua kuna doa la majimaji ya njano kama ukubwa wa sarafu. Akaniambia "dokta ni jasho tu". Nilipobonyeza pembeni ya mshono kidogo tu, usaha ukatoka. Nikafungua faili lake, sukari za siku tatu za kwanza zilikuwa 14, 16, 15, 17, na pembeni pameandikwa "aendelee kuangaliwa". Tulimuangalia tu wakati tulitakiwa kumtibu. Yule mzee alikaa wodini miezi miwili. Tangu siku ile nikiona 13 kwenye karatasi ya mgonjwa wa moyo siwezi kupita bila kuuliza imefanyiwa nini.

Na hili si langu peke yangu. Kule Portland, Marekani, daktari wa upasuaji wa moyo anaitwa Anthony Furnary na wenzake walifuatilia wagonjwa 2,467 wenye kisukari waliofanyiwa upasuaji wa moyo kati ya 1987 na 1997. Wa mwanzo walikuwa wanachomwa insulini chini ya ngozi kila baada ya masaa kadhaa kufuatana na kipimo, waliofuata wakawekewa dripu ya insulini isiyokatika. Maambukizi ya ndani ya kifua yakatoka asilimia 2.0 yakashuka mpaka 0.8. Unaweza kuona ni namba ndogo lakini ni zaidi ya nusu imepungua, na kila mmoja katika hizo namba ni mtu kama yule mzee wa fulana nyeupe.

Ndo nije kwenye vidonge vya baba mdogo. Tumbo la mtu aliyetoka upasuaji mkubwa halifanyi kazi sawasawa, figo nazo mara nyingi zimechoka, kidonge kinachukua masaa na ukishakimeza huwezi kukirudisha. Hata sindano ya chini ya ngozi, mgonjwa akiwa amevimba na ngozi imepoa inanyonywa ovyoovyo, mara kidogo mara nyingi kwa mpigo. Ya kwenye mshipa unaiongoza saa kwa saa. Ukikaa pale usiku utaona, saa sita 11.8, nesi anagusa kimashine anaongeza, saa saba 10.4, anaacha hivohivo, saa nane 8.9, anapunguza, anaandika kwenye chati, anaenda kitanda cha pili. Ni kazi ngumu ya mikono na akili usiku kucha, ukimkuta asubuhi mshukuru.

Wengine mmeuliza, kama sukari ni mbaya hivyo basi kwanini wasiishushe mpaka 5 yakaisha? Hata sisi madaktari tuliwahi kufikiri hivyo. Mwaka 2001 daktari Greet Van den Berghe wa Leuven, Ubelgiji, alitoa utafiti wa wagonjwa 1,548 wa ICU ya upasuaji, wengi wao wakiwa wa moyo, waliobanwa sukari kati ya 4.4 na 6.1 walikufa wachache kuliko wale walioachiwa mpaka 10 na zaidi, dunia nzima ikafurahi ikaanza kubana. Alafu 2009 ukaja utafiti mkubwa zaidi unaitwa NICE-SUGAR, wagonjwa 6,104 wa ICU za aina mbalimbali, na hapo ikaonekana kinyume, waliobanwa sana walikufa zaidi, asilimia 27.5 kwa 24.9, na sukari kushuka vibaya sana iliwapata asilimia 6.8 wakati kwa wale waliolengwa wasizidi 10 ni asilimia 0.5 tu. Sukari kushuka kwa mtu aliyelazwa usingizi wa dawa ni hatari kwa sababu hawezi kusema naona kizunguzungu, ubongo unakosa chakula kimyakimya. Kwaiyo siku hizi hatuendi huku wala kule, lengo la sehemu nyingi ni isizidi 10 na isishuke sana, mara nyingi kati ya 7.8 na 10. Ukisikia nesi anasema 9 usishtuke, ndo tunapopataka.

Kitu kingine kidogo, mashine nyingine zinasoma kwa miligramu, utasikia 180 ukadhani balaa. Ni ileile 10, unazidisha kwa 18. Ile 13 ya baba ni kama 234.

Ukienda kesho muulize daktari kwa upole, lengo lenu ni ngapi, mkiitoa dripu mtaendelea kumpima mpaka lini, na je alipimwa HbA1c kabla, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu nyuma. Hili la mwisho ni muhimu sana kwa baba manake kuna watu wanaishi na kisukari miaka bila kujua, kinakuja kugundulika wakati kama huu. Kama alikuwa hajapimwa na ameshaongezewa damu, hicho kipimo kwa sasa kinaweza kudanganya kwa sababu kitakuwa kinasoma damu ya mtu mwingine, bora arudie baada ya miezi mitatu hivi. Usisahau kurudi, wengi wakishatoka na moyo mzima hawarudi.

SWALI: Habari dokta, mimi ni mume wa mgonjwa. Mke wangu ana miaka 54 ana kisukari mwaka wa 11, anatakiwa kubadilishiwa valvu (mlango wa moyo). Tulipangiwa tarehe, tumejiandaa kila kitu, alafu kwenye kliniki ya mwisho wamepima HbA1c imekuja asilimia 9.8 wakaahirisha wiki 6. Nimeumia sana dokta, sisi tunaona kama tunazungushwa tu. Sasa yeye ameamua kula mara moja kwa siku ili ishuke haraka. Je ni sawa? Na dawa zake ni metformini na empagliflozini.

JIBU: Ndugu yangu naelewa uchungu, mtu ameshajiandaa kisaikolojia anaambiwa rudi nyumbani. Lakini hapa nipo upande wa huyo daktari. 9.8 maana yake kwa miezi miwili mitatu sukari yake imekuwa inacheza kwenye 13 kwa wastani, na mtu anayeingia na sukari hiyo tunamtegemea atoke akiwa juu zaidi, kidonda kichelewe, maambukizi yawe rahisi. Uingereza kwa mfano, upasuaji ambao si wa haraka wanapendekeza HbA1c iwe chini ya 8.5 ndo mtu apangiwe. Angekuwa na valvu isiyoweza kusubiri wasingemuahirisha, wangemuingiza hivohivo na kumbana kwa insulini. Kwamba wamempa wiki 6 ina maana wameona moyo unaweza kuvumilia, hilo nalo lichukue kama habari njema. Ila akianza kukosa pumzi akilala, au miguu kuvimba zaidi, au kuzimia, msisubiri hizo wiki, rudini siku hiyohiyo.

Kula mara moja kwa siku hapana, tafadhali mzuie leo. Sukari itashuka akiwa hajala alafu itapanda kwa mpigo akila huo mlo mmoja, na atakonda misuli, na atafika kwenye upasuaji akiwa hana protini ya kuungia kidonda. Chembe nyekundu zinaishi kama siku 120 kwaiyo HbA1c haishuki kwa wiki moja hata afunge vipi. Kinachotakiwa ni arudi kwa daktari wa sukari wiki hii, si baada ya wiki 6, arekebishiwe dawa, na pengine aanzishiwe insulini ya muda. Mkikaa nyumbani na dawa zilezile mtarudi na 9.8 ileile.

Na hiyo empagliflozini naomba uandike pembeni ya kalenda kabisa. Yeye na ndugu zake kama dapagliflozini ni dawa nzuri, hata kwa moyo, lakini inatoa sukari kwenye mkojo na mtu akiwa hali na yuko kwenye upasuaji inaweza kumsababishia asidi nyingi kwenye damu huku sukari inaonekana ya kawaida, kwaiyo watu wanachelewa kugundua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza dawa hizi mbili zisimamishwe angalau siku 3 kabla ya upasuaji uliopangwa. Metformini yeye ana utaratibu wake, mara nyingi inaachwa siku yenyewe, watawaambia. Msiache chochote kimyakimya lakini pia msinyamaze mkidhani wanajua, bebeni dawa zote kwenye mfuko, na vile vikopo vyake, muwaonyeshe.

Hizo wiki 6 zina kazi nyingine pia. Aangaliwe meno, kwa mtu wa valvu hili si la hiari, jino bovu linaweza kupeleka bakteria mpaka kwenye valvu mpya. Miguu yake iangalieni, katikati ya vidole na kwenye visigino, kidonda kidogo ambacho hakisikii kwa sababu ya ganzi ya kisukari kitibiwe kabla. Kama anavuta sigara aache sasa, wiki 4 kabla zinaleta tofauti. Muulizeni kuhusu kupimwa stafilokoka puani, hospitali nyingi wanatoa mafuta ya kupaka puani na sabuni ya dawa ya kuogea siku za mwisho. Na asinyoe kifua wala miguu kwa wembe nyumbani, wembe unaacha mikwaruzo midogo ambayo macho hayaioni lakini bakteria wanaiona, nywele zikihitaji kutolewa watazikata wao kwa mashine.

SWALI: Dokta mambo, mimi nina miaka 48 nimefanyiwa baipasi (ule upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo) siku ya 16 leo niko nyumbani. Nina kisukari natumia insulini. Sukari yangu inapanda inashuka, asubuhi 6, mchana 15, juzi usiku 3.4. Nesi mmoja aliniambia kula vizuri kidonda kipone, mwingine akaniambia punguza kula sukari ishuke, sasa nishike lipi? Na vidole vinauma nimechoka kujitoboa.

JIBU: Poa kaka, na hongera kwa kufika siku ya 16. Manesi wote wawili wako sawa ila hakuna aliyemaliza sentensi. Usipunguze chakula kwa ujumla, punguza vya sukari na wanga unaokula kwa mkupuo, ugawe kidogokidogo kwa siku nzima, na kila mlo hakikisha kuna protini manake ndo tofali la kidonda. Hamu ya kula ikiwa haipo, na wiki za mwanzo kwa wengi haipo, usichome dozi ya mlo alafu ukala vijiko viwili ukaacha, huko ndo zinapotokea hizo 3.4. Ongea na kliniki wakufundishe kuchoma kulingana na ulichokula. Ila ile ya msingi, ya muda mrefu, usiiache kwa sababu eti hujala, piga simu kwanza uulize.

Hiyo 15 ya mchana, kabla hujaamini, niambie ulinawa mikono? Sio utani, ukiwa umeshika tunda au kitu kitamu alafu ukajitoboa, ile sukari ya juu ya ngozi inaingia kwenye tone la damu. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, toboa pembeni ya kidole sio katikati ya ncha, pembeni panauma kidogo sana, na zungusha vidole usiwe unarudia kimoja. Malengo ya nyumbani kwa watu wengi ni 4.4 mpaka 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya masaa mawili, wewe shika yale uliyopewa na daktari wako.

Ikishuka chini ya 3.9 chukua sukari ya haraka gramu 15, vijiko vitatu mpaka vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado rudia. Alafu kaka, baada ya baipasi wengi mnapewa dawa za kupunguza mapigo ya moyo, hizo zinaficha dalili, hutatetemeka wala moyo hautakwenda mbio kama zamani. Jasho ndo linabaki. Ukijikuta umelowa jasho la baridi bila sababu, pima hapohapo, na mwambie anayelala karibu yako ajue hilo.

Kujitoboa naelewa kunachosha, lakini kwa sasa nakuomba usiache, na sababu yangu si ya kisukari tu. Sukari ikipanda ghafla ikakaa juu siku mbili tatu na wewe hujabadilisha chakula wala dawa, mara nyingine ndo ishara ya kwanza kabisa kwamba kuna maambukizi mahali, inaweza kutangulia homa, inaweza kutangulia usaha. Kwaiyo hicho kimashine chako kinalinda kifua pia. Ukiona hivyo vua shati simama mbele ya kioo, angalia mshono wote kuanzia juu mpaka chini, na ule wa mguuni walipotoa mshipa, alafu piga simu hospitali.

SWALI: Dokta samahani swali fupi, mama yangu ana kisukari, wiki ya nne tangu apasuliwe moyo, akikohoa kifua kinalia ko ko kama mifupa inagongana, na sehemu ya chini ya mshono imekuwa nyekundu inatoa maji kidogo. Homa hana. Sukari imekuwa 14 hadi 17 wiki nzima. Kliniki yake ni jumatatu ijayo, tusubiri?

JIBU: Msisubiri. Mpelekeni leo, ukimaliza kusoma hapa.

Mfupa wa kifua unaunga kwa wiki 6 mpaka 12, kwaiyo mlio mara moja moja wa siku za mwanzo unaweza usiwe kitu, lakini mifupa inayogongana wiki ya nne, na majimaji, na wekundu, na sukari iliyogoma kushuka, hivyo vyote pamoja ni maambukizi ya ndani mpaka vipimo viseme sivyo. Homa kutokuwepo kusikufariji, watu wa kisukari wanaweza wasipate homa kabisa. Na maambukizi ya ndani hayaishii mwezi wa kwanza, yanaweza kujitokeza hata miezi mitatu baadaye.

Msimpe antibayotiki za kununua dukani kabla hajaonwa, zinaweza kufanya bakteria wasionekane kwenye kipimo na daktari akabaki anakisia. Msikamue, msipake kitu, funika kwa kitambaa kikavu kisafi. Akikohoa akumbatie mto kifuani, na asijisukume kwa mikono akiinuka kitandani, mmoja wenu amshike mgongoni. Ndani ya gari akae wima kwa raha yake.

Mkifika msiseme "kidonda kinatoa maji kidogo" mkakaa kwenye foleni. Sema amepasuliwa moyo wiki nne zilizopita, ana kisukari, mfupa wa kifua unacheza na kidonda kinatoa majimaji, naomba daktari wa upasuaji wa moyo ajulishwe sasa. Bebeni daftari lake la sukari au hata mashine yenyewe waone namba za wiki nzima, bebeni na karatasi ya kuruhusiwa. Watachukua damu, watachukua majimaji ya kidonda wapeleke maabara, watampiga picha ya kifua, pengine ya CT. Ikiwa ni ya juu juu atapewa dawa na kusafishwa. Ikiwa imezama watamrudisha chumba cha upasuaji, wasafishe, na wengine wanawekewa sponji yenye mashine inayonyonya uchafu kwa siku kadhaa kabla ya kufunga tena. Na mtaona wamemrudishia ile dripu ya insulini, hiyo mnajua sasa ni ya nini.

Niandikie mkishaonwa, hata usiku.